Postikadi kwa mtu usiyemjua: ninavyofanya mimi nikiwa Tanga

Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Fotokopi, kuchapa barua, lamineshen, picha za pasipoti. Mwaka 2016 aliingia kijana mmoja, mwalimu wa kujitolea, akaniomba nimchapie mistari minne ya herufi za Kichina kwa maandishi madogo, ili aikate na kuibandika kwenye kadi. Nikamuuliza anamwandikia nani. Akasema, "Simjui, dada. Nimepewa tu anwani yake." Kadi yenyewe ilikuwa na picha ya mitumbwi ya wavuvi. Niliwaacha wateja wawili wamesimama, nikamwambia anieleze vizuri.

Tangu siku ile nimetuma kadi 412 na nimepokea 397. Nimepangia kadi 4 kwa mwezi, kwa sababu stempu za nje ni pesa, na sitaki jambo ninalolipenda linifanye nikope. Watu wengi dukani wakiziona ukutani wananiuliza wanaanzaje. Hapa naandika kila ninachowaeleza, pamoja na yale ambayo pale kaunta sipati muda wa kuyasema.

Mpango wenyewe unavyokwenda

Mtandao ninaoutumia unaitwa Postcrossing. Uliundwa na kijana wa Kireno, Paulo Magalhães, ukafunguliwa tarehe 14 Julai 2005. Kujiunga ni bure. Unacholipia ni kadi na stempu. Kadi zaidi ya milioni 70 zimeshapita humo.

Ukituma, unatumiwa. Lakini unayemtumia siye atakayekutumia, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Unaomba anwani, unapewa ya mtu yeyote, labda wa Finland. Pamoja na anwani unapewa namba ya kadi, mfano TZ-1234, ambayo herufi zake mbili ni za nchi inayotuma. Namba hiyo unaiandika kwenye kadi. Huyo wa Finland akiipokea anaingia mtandaoni, anaiandika namba, anakushukuru kwa maneno mawili matatu. Hapo ndipo anwani yako inapopangwa kwa mtu mwingine kabisa, pengine wa Taiwan, naye anakuandikia. Kwa hiyo kadi isiyo na namba, hata ikifika salama, haihesabiki. Mimi naiandika mara mbili: mara moja karibu na maneno yangu, mara nyingine juu kushoto, kwa sababu muhuri wa posta huweza kuangukia popote.

Mwanzoni unaruhusiwa kuwa na kadi 5 tu njiani. Kadi zikifika na kusajiliwa, idadi inaongezeka polepole. Kadi ikipitisha siku 60, nafasi yake inafunguka ili uombe anwani nyingine, na ikifika baadaye bado inaweza kusajiliwa hadi mwaka 1 tangu ulipopewa anwani ile. Sisi wa huku hiyo kanuni ya siku 60 tunaihitaji kuliko wenzetu wa Ulaya. Ushauri wangu ni huu: hizo 5 za mwanzo zitume zote siku moja. Ukituma moja moja kwa wiki, utakaa miezi ukisubiri bila kuona chochote, na wengi huacha hapo.

Kwanza uwe na sanduku

Kabla hujafungua akaunti, tatua suala la anwani. Mitaa yetu siku hizi ina majina na nyumba zina namba, postikodi zipo, lakini kwa kadi bado naliamini sanduku la posta. Kulikodi ni malipo ya mwaka, unapewa ufunguo, na hakuna mtu asiyekujua anayejua unapolala. Hilo la mwisho lina uzito kwa mwanamke anayeishi na watoto, na kwa yeyote anayetoa anwani yake kwa wageni.

Kama utaomba kutumia sanduku la ofisi ya mtu, zungumza na mwenye sanduku mwenyewe, usizungumze na ndugu yako anayefanya kazi pale. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia sanduku la ofisi alimokuwa binamu yangu. Miezi minne sikupata kadi hata moja, ingawa mtandaoni ilionyesha kadi nilizotuma zimeshafika na kusajiliwa. Siku niliyokwenda mwenyewe nikazikuta kadi 6 zimebandikwa ukutani nyuma ya meza ya mapokezi, na gundi imeshakula migongo yake. Mbili sikuweza kusoma namba, hivyo waliozituma hawakujua kwamba zilifika. Kesho yake nikaenda kukodi sanduku langu.

Anwani yako iandike kwa herufi za kuchapa: jina kamili, S.L.P. na namba, mji pamoja na postikodi yake ya tarakimu 5, na mstari wa mwisho TANZANIA kwa herufi kubwa. Wapo watakaoandika P.O. Box, ni sawasawa. Namba ya simu usiweke. Na mtu akikuandikia kuomba pesa, au akikuomba umtumie noti ndani ya bahasha kwa ajili ya mkusanyiko wake, usijibu.

Kadi zinapatikana wapi

Zanzibar na Arusha utazikuta kwenye maduka ya watalii, tembo na simba na machweo. Tanga ni adimu. Mimi nilinunua fungu zima Forodhani mara moja, nikalimaliza, kisha nikaanza kuchapa mwenyewe, na sasa sirudi nyuma.

Karatasi ngumu ya A4, ya gramu 250 hadi 300, inatoa kadi 4 ukiikata mara mbili tu. Kila moja inakuwa milimita 105 kwa 148, kipimo ambacho kinapita kokote. Usichukue manila ile nyepesi ya darasani. Inakunjika kona kabla haijatoka Dar es Salaam. Picha piga mwenyewe kwa simu, mchana, jua likiwa halijapanda sana. Chapa upande mmoja tu. Upande wa pili acha mweupe, chora mstari wima katikati: kushoto maneno, kulia anwani na stempu. Ukienda studio wakakusafishia picha ya sentimita 10 kwa 15, nayo inafaa, ila mgongo wake unateleza na wino haushiki. Bandika karatasi nyeupe ya kujigundisha nyuma yake, ibonyeze vizuri kingo zote, ndipo uandike. Lamineshen usifanye. Wateja wananiomba kila siku niwapigie kadi lamineshen ili zisilowe, na mimi mwenyewe nawakatalia, kwa sababu stempu haishiki juu ya plastiki na muhuri unafutika kwa kidole.

Picha gani? Kabla ya kuchagua, soma alichojieleza yule uliyepewa. Karibu kila mtu ameandika anachopenda: treni, paka, mapishi, minara ya taa, ramani. Wengine wameandika orodha ndefu, usiiogope, si amri. Mimi nina picha kumi na mbili hivi za hapahapa ambazo nazichapa tena na tena. Mapango ya Amboni. Shamba la mkonge, mistari imenyooka mpaka kwenye milima. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu walianza kumnasa kwa wingi kuanzia mwaka 2003, hata pakatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Huyo simpigi picha mwenyewe, mpwa wangu amemchora kwa penseli. Watoto wa Kijapani na wastaafu wa Kijerumani wote wanamwulizia.

Maneno: andika siku moja

Hapa ndipo nataka uniskilize zaidi. Kadi zangu za mwanzo niliandika kama brosha ya utalii. Tanzania ina Kilimanjaro, Tanzania ina Serengeti, karibu Tanzania. Watu walinijibu "asante kwa kadi nzuri" na basi. Mambo hayo wanayaona kwenye kalenda zao. Kitu ambacho hawawezi kukipata popote ni kile ulichokiona wewe leo asubuhi.

Kadi ina nafasi ya sentensi sita au saba. Chagua siku moja, kitu kimoja. Nakupa mfano wa kadi niliyoituma miezi michache iliyopita kwa dereva wa basi wa Uholanzi. Nimemwambia kwamba leo saa kumi na moja alfajiri umeme ulikatika, nikafungua duka gizani kwa mwanga wa simu, na mteja wa kwanza alikuwa kondakta aliyetaka fotokopi ya leseni. Tulisubiri umeme pamoja, akaninunulia chai na maandazi mawili kwa mama wa kibandani, akanifundisha namna ya kujua kutoka mbali daladala ipi imejaa, kwa kutazama inavyolala upande wa mlango. Hayo tu, na hali ya hewa, na salamu. Amenijibu mtandaoni kwamba aliisoma kadi hiyo kituoni mbele ya madereva wenzake.

Lugha ya pamoja ya mtandao huo ni Kiingereza, isipokuwa kama nyote wawili mna lugha nyingine. Kiingereza chako kikiwa cha kubahatisha, andika sentensi fupi. Mwenzako wa kule naye anahangaika vivyo hivyo. Lakini anza kwa Kiswahili: "Habari za Tanga!" au "Salamu kutoka pwani", na tafsiri yake ndogo pembeni. Mimi kila kadi naweka neno moja la Kiswahili na maana yake, neno la kitu kilichomo kwenye kadi hiyo. Chai. Mvua. Kondakta. Mara moja anwani niliyopewa ilikuwa ya Muscat, na kwenye maelezo yake yule mama ameandika kwamba anasema Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, na bibi yake alizaliwa Unguja. Nilijaza kadi nzima kwa Kiswahili, mpaka pembeni mwa stempu. Alipoisajili akanijibu kwa Kiswahili cha zamani, safi, chenye "ahsanta" na "nakubusu mikono," na neno "vipopoo", vile vidonge vitamu vya unga na tui la nazi, ambalo sikuwa nimelisikia tangu utotoni.

Kadi nyingine ambayo siisahau ni ya ua. Juu kule Amani, kwenye msitu wa Usambara Mashariki, kuna ua dogo la zambarau linaloota kwenye majabali yenye unyevu, majani yake yana vinyweleo kama mahameli. Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia. Leo limejaa kwenye madirisha ya nyumba duniani kote. Nilipanda Amani na kaka yangu kwa pikipiki, nikalipiga picha likiwa na matone. Mwaka uliofuata nikapewa anwani ya bibi wa Ujerumani aliyeandika kwamba anapenda maua ya ndani ya nyumba. Nikamtumia picha ile, nikamweleza kwamba jabali lile liko mwendo wa saa tatu kutoka dukani kwangu. Jibu lake lilikuwa refu. Kwa Kijerumani ua hilo linaitwa Usambaraveilchen. Mama yake alikuwa nalo jikoni maisha yake yote, naye alilitamka jina hilo miaka sabini bila kujua kwamba Usambara ni mahali, kuna watu, kuna mvua, kuna mtu anayeweza kupanda pikipiki akaenda.

Kwa hiyo ukikosa la kuandika, tazama mlango wako ulipo, uulize nini kimetoka hapo kikaenda kwao. Karafuu, mkonge, kahawa, ua. Utakuta uzi.

Kalamu, anwani na stempu

Tumia kalamu ya kawaida ya wino mzito, ile ya biki. Kalamu ya jeli inapendeza ikiwa mezani, lakini kadi ikipata umande tu maneno yanatambaa. Anwani iandike kubwa kuliko maneno yako. Kumbuka kadi haina bahasha: inasomwa na karani wa hapa, na mpangaji wa Dar es Salaam, na tarishi wa kule, na wote hao wanapaswa kuielewa kwa kutupia jicho.

Jina la nchi liwe mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza, kwa sababu ndilo linalosomwa huku kwetu. Mistari mingine yote iache kama ulivyopewa, usiipange upya kwa mazoea yako. Wajerumani wanatanguliza postikodi kabla ya mji, Waingereza wanaiweka mwishoni, Waholanzi wana tarakimu nne na herufi mbili. Ukipewa anwani ya China au Japani kwa herufi zao, ichape na uibandike, na chini yake andika nchi kwa Kiingereza. Kama huna printa, njoo steshenari yoyote, ni kazi ya dakika mbili. Kuchora herufi za Kichina kwa mkono bila kujua mpangilio wa mistari yake nimeona kadi ikirudi.

Chini kabisa ya kadi, upande wa anwani, acha kama sentimita moja na nusu tupu. Nchi nyingi mashine zao zinachapa mistari ya msimbo hapo, na itapita juu ya sentensi yako ya mwisho.

Stempu: nenda uulize bei kwanza, ndipo uandike. Bei ya kadi ya nje hubadilika, na mara nyingi stempu ya thamani hiyo kamili haipo, unapewa mbili au tatu za kujumlisha. Tatu zinakula nusu ya kadi. Mimi hununua za miezi miwili pamoja, naomba zenye wanyama na samaki, maana mpokeaji naye ni mkusanyaji, na wapo wanaopenda stempu kuliko picha. Ila unyevu wa Tanga unazifanya zishikane migongo kwa migongo. Zitenganishe kwa karatasi ya nta. Zikishashikana usizilowanishe, gundi itaondoka. Zitie ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, ziweke kwenye friza saa chache, kisha utaziachanisha taratibu kwa ukucha. Friza ninayotumia ni ya jirani anayeuza barafu za ukwaju.

Dirishani

Usitumbukize kadi kwenye boksi la nje ya posta. Ingia ndani.

Mimi huenda asubuhi, kabla foleni ya vifurushi haijawa ndefu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, leo wapi?" Karani huyo huzipanga kadi zangu kwenye kaunta kama karata, anasoma nchi kwa sauti: Lithuania, Uholanzi, Marekani, Korea. Ana kibati cha sifongo iliyolowa. Anapitisha stempu juu yake mara moja tu, anaibandika, anaibonyeza kwa kiganja akihesabu moja hadi tano. Muhuri anao mbele yake. Nilimwomba miaka iliyopita awe anaugonga kwa mkono mbele yangu, taratibu, tarehe isomeke, na uguse stempu na kadi yote mawili. Tangu hapo hafanyi vinginevyo. Anaukandamiza kwenye wino, anaujaribu kwanza kwenye gazeti, ndipo anagonga. Kisha anaziacha kadi wazi kwenye kaunta mpaka wino ukauke, na tunaongea habari za ukoo.

Mheshimu karani wa dirisha lako, mjue kwa jina, mpe kadi mara moja moja naye aione. Wangu aliniambia ameanza kazi wakati barua zinajaza magunia, na sasa kadi zangu ni miongoni mwa chache zenye maandishi ya mkono anazozigonga kwa wiki nzima. Muhuri mzuri wenye neno TANGA na tarehe inayosomeka ni zawadi kwa mkusanyaji. Wengi wananishukuru kwa huo kabla hawajataja picha. Ofisi isiyo na mtu wa namna hii, wewe omba tu kwa heshima. Sijawahi kukataliwa mara mbili.

Kabla ya kuzitoa mkononi, zipige picha pande zote mbili. Kadi ikipotea utakuwa na ushahidi wa namba na anwani, na mpokeaji aliyeshindwa kusoma namba akikuuliza utaweza kumsaidia.

Kisha subiri. Kadi yangu ya haraka kuliko zote ilifika Ujerumani siku ya 11. Ya polepole ilichukua siku 143 kwenda Brazili. Usimuulize mtu kila wiki. Nawe ukipokea, isajili siku hiyohiyo, mwenzako anasubiri kama wewe, na umjibu kwa jambo alilokuandikia, si "asante" peke yake.

Tarehe 1 Oktoba ninaitenga kila mwaka. Siku hiyo mwaka 1869 Austria-Hungaria ilitoa kadi ya posta ya kwanza, karatasi tupu isiyo na picha, na sasa ni siku ya postikadi duniani. Naweka meza nje ya duka, kadi na kalamu, na watoto wa shule wanaandika. Akaunti naifungua kwa jina la mzazi na kwa ridhaa yake, na anwani tunayotumia ni sanduku langu.

Kadi kuukuu

Ukizoea, utaanza kuzitamani za zamani. Picha nyingi nzuri za Unguja za mwanzoni mwa karne ya 20 zilipigwa na wapiga picha wenye asili ya Goa, A. C. Gomes na ndugu Coutinho, na ukitafuta utaziona nyingi ziko Ulaya, kwa sababu ndiko zilikotumwa. Mimi ninazo saba tu. Ninayoipenda ni ya stesheni ya Tanga: reli ile ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na kwenye picha kuna kijana amekaa juu ya gunia akimtazama mpiga picha moja kwa moja.

Kujua umri wake, geuza mgongo. Kama hauna mstari wa kugawa, na maneno yamebanwa pembeni mwa picha, ni ya kale zaidi: Uingereza iliruhusu mgongo wa pande mbili mwaka 1902, Marekani 1907, kabla ya hapo mgongo ulikuwa wa anwani peke yake. Stempu ya Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, yenye thamani ya heller, senti za wakati huo, ni ya kuanzia 1905. Za kabla ya hapo zilihesabu kwa "pesa", jina la sarafu ndogo ya zama zile. Ukiona G.E.A., yaani German East Africa, imepigwa juu ya stempu, Waingereza walikuwa wameshaanza kuitwaa nchi.

Kadi za zama zile zenye watu wetu wamesimamishwa nusu uchi kwa ajili ya kuuzwa, na chini yake hakuna jina bali "native" tu, mimi sinunui na situndiki. Nimepokea moja kama zawadi, kwa nia njema. Nimeihifadhi kwenye bahasha yake, na nimemwandikia aliyenipa kwa nini haiko ukutani.

Kuzitunza pwani

Adui zako ni unyevu, jua na wadudu. Albamu za plastiki laini inayonuka usitumie. Baada ya miaka michache inanata kwenye picha na kuivua wino. Gundi na solotepu hapana kabisa. Zilizo ukutani kwangu nimezishika kwa vikona vya karatasi, upande ambao jua la saa tisa halifiki, na nazibadilisha kila baada ya miezi mitatu.

Zilizobaki ziko kwenye maboksi ya viatu, zimesimama kama kadi za maktaba, kwa nchi. Nyuma ya kila moja, kwa penseli laini, naandika tarehe iliyofika. Kila boksi lina vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba. Wateja na majirani wananiwekea. Maboksi hayagusi ukuta wala sakafu, kwa ajili ya mchwa, na nazitazama kingo kwa vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi. Masika yakikaribia, siku ya jua kali la Februari, nafungua maboksi yote kivulini barazani, upepo upite, natoa vifuko vya zamani na kuweka vipya. Kazi hiyo ni ya siku moja, lakini mimi huifanya kwa siku tatu, kwa sababu kila kadi ninayoishika naisoma tena.